Kilomita ya Kwanza Isikudanganye

Tarehe 26 Machi 2017, katika viwanja vya Kololo mjini Kampala, yalifanyika mashindano ya dunia ya mbio za nyika. Kijana wa nyumbani, Joshua Cheptegei, mwenye umri wa miaka 20, alichomoka mbele ya kundi la wanaume huku umati ukimshangilia, akaingia mzunguko wa mwisho akiwa peke yake, na wengi wakahesabu kwamba dhahabu imekwisha kuwa ya Uganda. Haikuwa. Kabla ya kufika mwisho miguu ilimgoma. Akaanza kuyumba, Geoffrey Kamworor wa Kenya akampita, kisha wengine wakampita mmoja baada ya mwingine, na aliyekuwa anaongoza akamaliza wa 30. Miaka mitatu baadaye, tarehe 14 Agosti 2020, mtu yuleyule alikimbia mita 5,000 kule Monaco kwa dakika 12 na sekunde 35.36, akaweka rekodi ya dunia. Safari hiyo karibu kila mzunguko wa uwanja aliumaliza kwa sekunde 60 au 61, wa mwanzo sawa na wa katikati. Bila shaka miaka mitatu ilimkomaza mwili na akili. Lakini ukizitazama siku hizo mbili kwa makini, tofauti iliyo wazi kuliko zote ni namna alivyozigawa nguvu zake.

Nimeanza na bingwa, ingawa ninayetaka kuzungumza naye leo hana habari na rekodi yoyote. Ni mwalimu, fundi, karani au mama mwenye duka, aliyejiandikisha kwa mara ya kwanza katika mbio fupi za barabarani, zile za kilomita 5. Mbio hizi zimekuwa nyingi. Kilimanjaro Marathon pale Moshi huziweka sambamba na zile za kilomita 42 na 21, na miji mingi sasa ina mbio za hisani za kuchangia hospitali, shule au mazingira. Watu wanaojitokeza wanaongezeka, na kila mara wapo wanaomaliza wakiapa kwamba hawatarudia. Hoja yangu ni moja: anayekimbia kilomita 5 kwa mara ya kwanza hufaulu au huharibikiwa ndani ya kilomita ya kwanza, na njia ya kufaulu ni kuikimbia kwa mwendo mdogo kuliko ule ambao mwili wake unamshawishi. Yako mengi ya kusema juu ya raba, chakula na maji, lakini yote hayo ni madogo mbele ya jambo hili.

Kwa nini kilomita ya kwanza inadanganya? Jibu limo ndani ya misuli. Mtu anapoanza kukimbia, moyo na mapafu havifikii papo hapo kiwango cha kazi kinachotakiwa. Hupita dakika mbili tatu mpaka oksijeni ifike misulini kwa kadiri inayohitajika. Pengo hilo huzibwa na akiba ndogo iliyomo ndani ya misuli yenyewe, ambayo hutumika bila kungoja oksijeni. Ndiyo maana mita 400 za mwanzo huwa tamu. Pumzi haijabana, miguu ni myepesi, na msisimko wa umati na muziki wa spika umekwisha kuyapandisha mapigo ya moyo. Mkimbiaji anaamini kwamba leo ndipo amegundua kasi yake. Kumbe anatumia akiba ya dakika chache, ilhali atakuwa barabarani kwa dakika 35, 40 au zaidi. Katika mbio za urefu huu zaidi ya asilimia 90 ya nguvu hutokana na oksijeni. Anayekwenda kasi kupita kile ambacho oksijeni yake inaweza kukihudumia hulimbikiza misulini mabaki ya kemikali, mapaja yakawa mazito, pumzi ikapanda juu juu, mbavu zikabana. Hali hiyo haiondoki kwa kupunguza mwendo kidogo. Humlazimu apunguze sana, na kwa anayeanza, kupunguza sana maana yake ni kusimama.

Tuweke hesabu mezani, kwa mfano wa kubuni. Watu wawili wenye uwezo uleule, uwezo wa kukimbia kila kilomita kwa dakika 8 hivi, wanaanza pamoja. Wa kwanza anaisikiliza miguu yake na kuimaliza kilomita ya kwanza kwa dakika 6. Ya pili inamchukua dakika 8, ya tatu dakika 10, ya nne dakika 11 kwa kuwa sehemu kubwa anatembea ameshika kiuno, na ya tano dakika 10. Jumla yake ni dakika 45. Wa pili anajizuia: dakika 8 na nusu, kisha 8 na robo, kisha 8, kisha 8 tena, na ya mwisho dakika 7 na robo. Jumla yake ni dakika 40. Tazama kilichotokea. Wa kwanza alipata faida ya dakika mbili na nusu katika kilomita ya kwanza, akailipa mara tatu katika zile zilizofuata. Na dakika si hasara yake kubwa. Hasara kubwa ni kwamba alitumia zaidi ya nusu saa akiteseka na kupitwa, na hilo ndilo atakalolikumbuka akialikwa tena. Wa pili alitumia dakika za mwisho akiwapita watu. Wote wawili walikuwa na mapafu yaleyale.

Kwa wakazi wa pwani, wanaokimbia Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja, hesabu hiyo ni kali zaidi. Mwili unapokimbia hugeuza takriban robo tu ya nguvu zake kuwa mwendo, na sehemu kubwa iliyobaki inakuwa joto. Joto hilo hutolewa hasa kwa jasho, lakini jasho halipozi kwa kutiririka, linapoza kwa kukauka. Pale hewa ilipojaa unyevu jasho linadondoka chini bila kufanya kazi yake, damu inapelekwa kwa wingi kwenye ngozi ili kupunguza joto, na misuli inabaki na mgao mdogo. Anayeanza kwa pupa katika hewa ya namna hiyo anawasha moto ambao hana njia ya kuuzima. Kwa hiyo mtu aliyefanya mazoezi Mbeya au Arusha na kwenda kukimbia Dar es Salaam asitegemee kasi yake ya kule juu. Apunguze tangu mwanzo, kwa hiari, kabla hajalazimishwa.

Msikilizaji makini anaweza kunizuia hapa. Atasema kwamba mfano wa Cheptegei haufai, kwa sababu Monaco aliwekewa wakimbiaji wa kuvuta kasi na taa kandokando ya uwanja zilizokuwa zikimwonyesha mwendo wa rekodi. Ni kweli kabisa, na ukweli huo unaipa hoja yangu nguvu. Kama mtu aliyekimbia maelfu ya kilomita anahitaji kitu cha nje cha kumshika asizidishe, kwa nini mgeni wa barabara aziamini hisia zake? Naye anahitaji taa yake. Bahati nzuri anayo, haiuzwi dukani, na wengi wetu tuliipata shule ya msingi: mchakamchaka. Katika mchakamchaka mmoja huanzisha wimbo na wengine huitikia huku wote wakikimbia. Kasi yake haiwezi kuzidi pumzi ya waimbaji, kwa sababu ikizidi, wimbo unakufa. Wataalamu wa mazoezi leo wanapima vivyo hivyo. Wanasema mtu anayeweza kuzungumza sentensi nzima wakati anakimbia bado yuko ndani ya uwezo wake wa oksijeni, na anayeweza kutoa neno moja moja tu amekwisha kuuvuka. Vikundi vya jogingi vinavyopita mitaani alfajiri za mwisho wa wiki vinakitumia kipimo hiki bila kukipa jina. Basi katika kilomita ya kwanza, mkimbiaji mpya aseme sentensi ndefu na jirani yake. Ikikatika katikati, ajue kasi imezidi, hata kama miguu inasema iko sawa.

Kuna imani nyingine inayowaponza watu wa Afrika Mashariki zaidi ya wengine. Kwa kuwa mabingwa wa dunia wanatoka kwetu, tunadhani kukimbia maana yake ni kukimbia kwa kasi, na kwamba asiyekwenda kasi anaaibisha ukoo. Lakini mabingwa wenyewe hawaishi hivyo. Wageni wanaokwenda Iten, ule mji wa Kenya ulioko kwenye kimo cha takriban mita 2,400, hushangazwa na jinsi mazoezi mepesi ya asubuhi yanavyoanza: kundi la watu wenye medali linaondoka kwa mwendo wa kuburuza miguu, na kasi hupanda taratibu mwili ukishapata moto. Mtaalamu Stephen Seiler, Mmarekani aliyefanya utafiti wake kwa miaka mingi huko Norway, alionyesha kwamba wanamichezo wakubwa wa masafa hufanya takriban asilimia 80 ya mazoezi yao kwa nguvu ndogo. Hata siku ya mashindano wanajizuia. Tarehe 8 Oktoba 2023 kule Chicago, marehemu Kelvin Kiptum wa Kenya alivunja rekodi ya dunia ya marathoni kwa saa 2 na sekunde 35. Nusu ya kwanza aliikimbia kwa dakika 60 na sekunde 48, na nusu ya pili kwa dakika 59 na sekunde 47. Aliyekuwa na kasi kuliko binadamu wote aliiweka sehemu kubwa ya kasi hiyo mwishoni. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Mtanzania anaweza kunikumbusha Filbert Bayi, na ana haki. Tarehe 2 Februari 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, New Zealand, Bayi alishika uongozi wa mita 1,500 tangu mwanzo na hakumwachia mtu, akamaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi ya dunia, mwenyeji John Walker akimfukuza nyuma yake. Je, huo si ushahidi kwamba shujaa huanza kwa nguvu? Ni ushahidi wa jambo jingine. Mbio zile zilikwisha ndani ya dakika nne, na Bayi alikuwa ameijua kasi yake kwa mazoezi ya miaka. Alikwenda mbele ya wengine, lakini hakwenda mbele ya uwezo wake. Mambo haya mawili yanachanganywa sana. Kuongoza ni suala la mahali ulipo ukilinganishwa na wenzako, na kuzidisha ni suala la unachotumia ukilinganishwa na ulichonacho. Anayeanza leo akimwiga Bayi huiga mahali alipokuwa, asiige maarifa yaliyomweka pale.

Pingamizi zito kuliko hayo ni la aibu. Watu wengi wanaelewa hesabu vizuri, lakini hawataki kuonekana wa mwisho, hasa mtu mwenye cheo, mwenye mwili mkubwa au mwenye umri. Aibu ni jambo la kweli, na kumwambia mtu aipuuze si jibu. Jibu ni kutazama nani hasa anaona aibu na lini. Anayeanza pole anakuwa nyuma wakati ambapo hakuna anayemtazama, kwa kuwa macho yote yako kwa wanaoongoza. Anayeanza kwa kasi anaanguka baadaye, mbele ya kila mtu anayempita. Tena ziko mbio zilizopangwa kabisa ili jambo hili lisimuumize mtu. Tarehe 2 Oktoba 2004, Paul Sinton-Hewitt alikusanya wakimbiaji 13 katika bustani ya Bushy Park, London, wakakimbia kilomita 5 bila kiingilio, na kutoka hapo ikazaliwa parkrun, inayofanyika kila Jumamosi katika nchi nyingi. Ndani yake kuna mtu wa kujitolea ambaye kazi yake ni kutembea nyuma ya wote, ili mshiriki yeyote asiwe wa mwisho. Aliyeipeleka Afrika Kusini mwaka 2011 ni Bruce Fordyce, mshindi mara 9 wa Comrades, mbio za takriban kilomita 90. Mtu aliyeyajua masafa kuliko wengi hakuona kwamba kilomita 5 za pole zinamdhalilisha.

Wengine husema: kama nitakwenda pole hivyo, tena pengine nitembee kidogo, si afadhali nibaki nyumbani? Hapa tukumbuke kwamba Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya nguvu ya wastani, na mwendo wa haraka wa kutembea umo ndani ya wastani huo. Hakuna dakika ya polepole inayopotea. Na kutembea kwa kupanga ni tofauti na kutembea kwa kushindwa. Jeff Galloway, Mmarekani aliyekimbia Olimpiki ya Munich mwaka 1972, amewafundisha watu wengi kukimbia dakika chache na kutembea kidogo tangu mwanzo wa mbio, kabla uchovu haujaja, na wengi wao humaliza wakiwa wazima zaidi kuliko walivyodhani. Hata mpango maarufu wa wiki 9 wa kumtoa mtu kwenye kochi hadi kilomita 5, uliobuniwa na Josh Clark mwaka 1996, unaanza kwa kukimbia sekunde 60 na kutembea sekunde 90 kwa kupokezana, mara tatu kwa wiki. Iko sababu ya upole huo. Moyo na mapafu huimarika ndani ya wiki chache, lakini kano na mifupa huchelewa, huhitaji miezi. Mtu anajisikia ana pumzi, anaongeza kasi, halafu goti au kisigino kinamweka kitandani. Na mwenye shinikizo la damu, kisukari, au maumivu ya kifua aende kwanza kwa daktari. Hilo halina mjadala.

Lakini haitoshi kumwachia mkimbiaji peke yake mzigo huu. Waandaaji nao wana sehemu yao. Mara nyingi mbio za kilomita 5 huanzishwa mwisho, baada ya zile ndefu kuondoka, jua likiwa limeshapanda. Kwa hiyo wenye mazoezi madogo kuliko wote hupewa saa yenye joto kuliko zote. Mpangilio wa barabara una sababu zake, lakini kuondoa kundi hili saa 12 na nusu asubuhi si jambo lisilowezekana. Kwenye mstari wa kuanzia wangewapanga watu kwa muda wanaotegemea kutumia, wenye kasi mbele na wanaotembea nyuma, ili mgeni asiburutwe na wimbi la vijana. Wangeweka bango kubwa la kilomita ya kwanza, maana bila bango mtu hana cha kujipimia. Na mshereheshaji mwenye kipaza sauti, badala ya kupiga kelele za kuwahimiza wote wakimbie kwa nguvu zao zote, angewaambia jambo moja tu: leo mnayoipima ni kilomita ya tano. Sisi wa vyombo vya habari tusijitoe. Tumezoea kumtangaza aliyeongoza mwanzo kana kwamba mbio zimekwisha.

Basi, msikilizaji uliyejiandikisha, ushauri wangu kwa siku hiyo ni huu. Simama nyuma ya kundi, si mbele. Kipyenga kikilia, waache waende. Kilomita ya kwanza zungumza, na kama huna wa kuzungumza naye, imba kimoyomoyo wimbo unaoujua na uone kama ungeweza kuutoa kwa sauti. Ya pili na ya tatu shika mwendo huohuo, hata ukijisikia vizuri, kwa sababu kujisikia vizuri ndiko ulikokuwa unakutafuta. Ya nne itakuwa ngumu kidogo, ni kawaida yake. Ikibaki ya tano na bado una pumzi, sasa una ruhusa ya kuongeza. Mtu akikuuliza baadaye umekuwa wa ngapi, mjibu bila kuficha, kisha mwambie tarehe ya mbio zako za pili. Kama unayo tarehe hiyo, zile za kwanza ulizikimbia inavyotakiwa.